Mwaka Maziwa Yaliponikataa

Juzi Ruthi alinipigia simu kutoka Garsen, akaniuliza kwanza kama nimekaa. Nikamwambia nimekaa. Akasema, "Hawo, daktari amenikataza maziwa." Nikacheka mpaka mume wangu akaja mlangoni kuona kuna nini. Ruthi hakukasirika. Alikuwepo mwaka ule maziwa yaliponikataa mimi, na yeye ndiye aliyeyanywa yote niliyokatazwa.

Baada ya simu nilikwenda jikoni nikashusha kibuyu ambacho mama hunijazia maziwa kila anapokuja Malindi. Kibuyu chetu cha maziwa hakioshwi kikaachwa hivi hivi. Hufukizwa kwa kijinga cha moto cha mti wenye harufu nzuri, ndani kukabaki weusi na utamu wa moshi, na maziwa yakitiwa humo hukaa bila kuharibika. Hata kikiwa kitupu kinanukia. Nikakileta puani, na papo hapo nikawa mtoto wa darasa la pili, tumbo mbele, miguu kama vijiti, nikiwa na hofu moja kubwa ambayo sikumwambia mtu mzima yeyote.

Wenzangu mliokua wakati wetu mtakumbuka kwamba mtoto aliruhusiwa magonjwa matatu tu: malaria, minyoo na taifodi. Ukitibiwa yote matatu na bado hujapona, basi unadeka. Mimi nilitibiwa yote, tena kwa kurudiwa. Kama kulikuwa na mnyoo tumboni mwangu, nadhani alikuwa ameshaizoea ile dawa kama sisi tulivyozoea chai. Tumbo lilijaa likawa gumu, mdomo ukaota vidonda, na chakula kilipita ndani yangu kama mgeni mwenye haraka. Darasani nilisinzia. Mjomba Dido, mdogo wake mama, aliyeishi kwetu na aliyeongea kutuzidi wote tukijumlishwa, alinitazama nikitembea na lile tumbo, mikono nyuma, akasema sasa ukoo wetu umepata chifu. Jina likanikaa. Hata mwalimu aliniita Chifu bila kujua lilikotoka.

Kila nilipopelekwa kituo cha afya waliomba choo. Siku hizo tulikibeba kwenye kisanduku cha kiberiti, na mama alikuwa akiniandalia changu asubuhi na kukiweka dirishani wakati anajifunga leso tuondoke. Asubuhi moja Mjomba Dido alitoka ndani na sigara mdomoni, akapapasa dirishani kutafuta kiberiti. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba aliacha kuvuta sigara kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuacha kwa kusihiwa na mtu yeyote.

Mama alinitibu kwa njia aliyoijua. Kwetu mgonjwa hapewi chakula cha kila siku. Hupewa kilicho laini, cheupe, cha dukani. Wenzangu walikula ugali kwa maziwa, mimi nikaletewa mkate uliolowekwa kwenye chai, chapati za samli, biskuti. Nikiharisha, mkate unaongezwa. Nikizidi kuharisha, anatumwa mtu dukani kuleta mwingine. Mama yangu aliniuguza kwa moyo wake wote, na kwa moyo wake wote akawa ananimaliza, wala hakuna aliyejua.

Hatimaye daktari wa kituo, kijana mpole aliyekuwa amechoka kuuona uso wangu, akasema huenda ni maziwa. Kuna matumbo yasiyoyaweza, alisema, kwa hiyo niachishwe kwa muda waone. Alisema kama mtu anayekataza peremende. Hakujua anaongea na nani. Baba yangu alikuwa Mworma, mfugaji mwana wa mfugaji, mtu aliyewatambua ng'ombe wake kwa nyayo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na alikitumia kwa uangalifu kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina.

"Daktari," akasema, "hii mtoto ni ya ng'ombe."

Daktari akasema anaelewa.

"Hapana," baba akasema. "Wewe hapana elewa."

Tukarudi nyumbani. Jioni ile, maziwa yalipogawiwa, kikombe changu kilibaki kimejaa, na ili kisimwagwe akapewa Ruthi, binti wa jirani, ambaye saa ya maziwa hakukosekana kwetu. Ruthi alikuwa rika langu kabisa. Tulizaliwa wiki moja katika kituo kile kile cha afya. Mama yake, Mama Ruthi, alikuwa Mpokomo, mkulima wa mpunga na ndizi kando ya mto, na familia zetu zilishikana zamani. Wakishavuna, ng'ombe wetu huingia shambani kula mabua. Maziwa yetu huenda kwao, ndizi na mchele wao huja kwetu. Ruthi akakinywa kikombe changu bila kupumua, akapangusa mdomo, akauliza kama kesho pia sitakunywa.

Mjomba Dido akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "Maziwa hayajawahi kumkataa Mworma," akasema. "Mimi naona pale kituoni walibadilisha watoto. Huyu Chifu ni wa Mama Ruthi. Wetu ni yule pale, anayekunywa kama ndama."

Watu walicheka sana. Mama alimpiga na ncha ya leso, akacheka naye. Mimi sikucheka, kwa sababu jambo lile lilinielea moja kwa moja, na niliona ushahidi kila upande. Ruthi hakuogopa fahali wetu, mimi nilimwogopa. Ruthi alikuwa na mashavu ya maziwa. Mimi nilikuwa na tumbo. Na tena, Mungu anisamehe, mimi nilipenda ndizi.

Ili mwelewe hofu yangu lazima niwaambie habari za Dimtu. Kwetu mtoto anapokatwa kitovu baba yake humpa ng'ombe, na uzao wa ng'ombe yule ni wake maisha yake yote. Ng'ombe wa kitovu changu aliuawa na kiangazi, lakini aliacha mtamba mmoja, mwekundu kama udongo wa kichuguu, ndiye huyo Dimtu. Alinifuata kama mbuzi. Sikuwa na kitu kingine duniani kilichoitwa changu. Sasa nikapiga hesabu ya kitoto: kama tulibadilishwa, basi kitovu kilichopewa ng'ombe kilikuwa cha Ruthi. Dimtu ni wa Ruthi, baba ni wa Ruthi, na mimi ni wa mpunga.

Nilikaa nikisubiri wanirudishe. Na kiangazi kilipokaza, wakanirudisha.

Si hivyo walivyosema wao. Walisema ng'ombe wanahamia chini kwenye delta ambako majani bado mabichi, mama na baba lazima waende nao, na mimi sina nguvu ya safari wala sitaweza kukaa kambini nikitazama wengine wakinywa maziwa. Mama Ruthi alijitolea kukaa nami. Nyumba yake ndiyo pekee tuliyoiamini ambayo haikuwa na maziwa, maana ng'ombe wakiondoka, hata kwake hupati tone. Mama alinikumbatia, akanifunga nguo zangu kwenye leso. Nikaiona ile leso nikajua nimekabidhiwa kwa wenyewe.

Mama Ruthi alikuwa Mkristo, na aliichunga dini yetu kuliko tulivyoichunga wenyewe. Nyama hakunipikia kwa kuwa nyumbani kwake hakukuwa na Mwislamu wa kuchinja. Samaki hachinjwi, alisema, kwa hiyo samaki hana ugomvi na mtu. Basi nikala kambare wa mto, mimi ambaye nililelewa nikiambiwa na Mjomba Dido kwamba samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili niliyafumbua. Baada ya hapo niliomba kichwa. Nilikula wali, ndizi zilizopikwa kwa nazi, mahindi ya kuchoma, na kambare juu yake.

Na tumbo likaanza kushuka. Vidonda vya mdomoni vikakauka. Siku moja niliamka nikakuta nimelala usiku kucha bila kukimbilia choo, na asubuhi ile nikamfukuza Ruthi mpaka mtoni nikampita. Mtoto mwingine angefurahi. Mimi nilisimama kwenye ukingo nikitweta, nikajua nimekwisha. Chakula cha Wapokomo kimenipokea. Kila kijiko cha wali kilichokaa tumboni kwa amani kilikuwa kinanitolea ushahidi.

Nilimweleza Ruthi siri hii nikitumaini atanituliza. Alifikiri sana, maana alikuwa mtoto wa haki. Kisha akasema Dimtu akishakuwa wake, ataniruhusu kuja kumwona siku za Jumapili baada ya kanisa.

Basi baba alipokuja kunitazama, nikaumwa. Nilimwona tangu mbali, na fimbo yake mabegani, nikashuka mbio kutoka juu ya mpera, nikajilaza kwenye mkeka, nikavuta pumzi mpaka tumbo likavimba, nikaanza kuguna. Nilijua kwamba akiniona mzima atauliza nimekula nini, atajibiwa samaki, na hesabu itafungwa. Mama Ruthi alisimama na mwiko mkononi akashangaa. Akasema huyu mtoto asubuhi hii alikuwa juu ya mti. Nikaguna zaidi. Safari iliyofuata nikafanya vile vile, tena kwa ufundi zaidi, na safari hiyo baba hakukaa hata kunywa maji. Alichuchumaa kando ya mkeka, akanishika paji la uso kwa ule mkono wake mgumu, na nilipomchungulia niliona midomo yake inasoma dua bila sauti. Sikuwahi kumwona baba akiogopa kitu, hata chui. Wiki ile ile alimwachia Mjomba Dido ng'ombe wote akanipeleka Malindi kwa daktari wa watoto. Mama alikuja. Mama Ruthi naye akaja, kwa sababu alisema hawezi kukaa nyumbani akiitwa mtu aliyemuua mtoto wa watu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara, mwenye miwani na subira. Hakuanza na choo. Alianza kwa kuuliza chakula. Mama akataja mkate, chapati, biskuti, tena kwa fahari, ili daktari ajue kwamba mtoto hanyimwi kitu. Kisha daktari akageuka akaniuliza kwa Mama Ruthi ninakula nini. Nikainamia miguu yangu. Baba alikuwa amekaa pale pale.

"Wali," Mama Ruthi akajibu. "Ndizi. Samaki."

Baba akatazama dari.

"Na mkate?"

"Mkate? Mimi nina mpunga ghalani, daktari. Mkate ninunulie nini?"

Akaongeza kwamba kwake sijawahi kuharisha hata mara moja, ila baba yangu akitokea ndipo ninapougua ghafla. Daktari akavua miwani akanitazama kwa muda. Sikumtazama. Kisha akawaeleza wazazi wangu kwamba kuna ugonjwa unaoitwa siliaki, ambapo mwili wa mtu hugombana na ngano hata ukajijeruhi wenyewe utumbo. Huku kwetu huonekana mara chache, alisema, kwa hiyo hawezi kusema ni huo mpaka apime damu, na damu itapelekwa Nairobi. Halafu akasema jambo ambalo mama alidhani amelisikia vibaya: mpaka siku ya kuchukuliwa damu, lazima niendelee kula ngano kila siku, mkate wa kutosha asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Nikiacha sasa, damu haitasema kitu.

"Yeye inaumwa na mkate," baba akasema polepole, "na dawa ni mkate?"

Daktari akasema si dawa, ni kipimo. Damu itatuambia ukweli, akasema. Mimi nikalishika hilo moja tu. Nilijua damu itaulizwa swali gani. Itaulizwa mimi ni wa nani.

Tukarudi Garsen. Ng'ombe walikuwa wamesogea karibu, nyumba imejaa tena, na mkate ukaanza kununuliwa. Hapa ndipo desturi yetu ilipomshinda daktari. Kwetu mtoto hali peke yake. Mtoto anayekula peke yake ni mtoto aliyelelewa na fisi, na mama anayemruhusu ataulizwa na wanawake wenzake ana nini. Mkate ulipofunuliwa, walikuwepo ndugu zangu, watoto wa baba mkubwa, watoto wa jirani, na Ruthi ambaye hakukosekana. Mama angewezaje kunipa mimi mkate mzima na wale wote wamezunguka sinia? Akaukata. Ukagawiwa kwa haki, na mimi nikapata changu, kipande kama kiganja cha mtoto mchanga, ambacho mara nyingi nilikigawa tena, kwa sababu nilitaka ionekane jinsi nilivyo mkarimu, kama damu yetu. Boma zima liliponywa njaa ya mkate na kipimo changu.

Wiki zikaisha, damu ikachukuliwa, majibu yakaja, na hayakuwa ndiyo wala hapana. Daktari aliyasoma, akayarudia. Akamuuliza mama kama kweli nilikula mkate kila siku.

"Kila siku," mama akasema. "Sikuruka."

"Mkate wote?"

"Pamoja na wenzake."

"Wenzake wangapi?"

Mama akashika ncha ya leso yake. Kwetu watoto hawahesabiwi, kama vile ng'ombe hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia jicho. Akasema kwa adabu kwamba Mungu amewajalia. Daktari akauliza tena, ni wanne, ni watano? Mama akasema Mungu amewajalia sana. Daktari akaweka kalamu mezani taratibu, akaegemea kiti, akawa anatazama dirishani, na mabega yake nikayaona yanacheka kabla ya uso wake. Alipogeuka alituambia kwa upole kwamba kipimo kirudiwe, na safari hii mkate huu ni wa Hawo peke yake.

Njia nzima mama alilalamika. Atafukuza watoto wa watu kwa sababu ya mkate? Asubuhi yake baba alinichukua mimi na mkate wangu akatuingiza ndani ya zizi, nyuma ya ua wa miiba, mahali ambapo watoto hawaruhusiwi wakati wa kukamua. Akanikalisha juu ya jiwe katikati ya ng'ombe. Akasimama na fimbo yake, akawafukuza wachunguliaji kama anavyofukuza nyani shambani. Kisha akajua shida imebaki, maana mimi nilikuwa nimeushika mkate sili, machozi yananitoka kwa aibu ya kula peke yangu. Akachuchumaa mbele yangu, akamega chembe kama punje ya mchele, akaitia mdomoni mwake, akatafuna kwa muda mrefu kama mtu anayekula nyama.

"Haya," akasema. "Tunakula wawili."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kila asubuhi na kila jioni. Yeye chembe, mimi mkate. Dimtu ndiye aliyekuwa tabu, kwa sababu aligundua kwamba mkate ni mtamu, na baba akawa anasimama katikati yetu akimsukuma pua kwa kiwiko huku akimwomba radhi. Na mimi nikaugua, safari hii bila kuigiza. Tumbo likarudi, vidonda vikarudi, nikakonda mpaka leso ya mama ikawa inanizunguka mara nyingi. Nilichukia mkate kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Baba alinibeba mgongoni kutoka zizini, akanisafisha nilipojichafua, kazi ambayo sijawahi kumwona mwanamume wa kwetu akiifanya, na alipomaliza alinirudisha juu ya jiwe lile jioni yake kwa ajili ya mkate mwingine. Alinipa kila kipande kama mtu anayemchapa mwanawe na kuumia yeye.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza, damu ikisema mimi ni wa Mama Ruthi, Dimtu atakuwa wa nani?

Baba akaacha kutafuna. Akauliza damu itasemaje hivyo. Nikamweleza yote, kituo cha afya, maziwa, ndizi, samaki, hata Jumapili baada ya kanisa. Nilidhani atacheka, maana hata mimi nilipokuwa nikiyasema niliyasikia. Hakucheka. Alinivuta mpaka kichwa changu kikagusa kifua chake, kilichonuka moshi na ng'ombe.

"Nilikuwa nje ya mlango ule," akasema kwa Kiorma, lugha ambayo hakuivuka kwa uangalifu bali aliitembea kama njia ya nyumbani. "Nilikusikia ukilia kabla mama yako hajakuona. Damu ikisema wewe si wangu, nitakwenda Malindi nimwambie daktari damu ni mwongo."

Kisha akamwita Mjomba Dido. Sikusikia walichoongea, lakini mjomba aliletwa zizini, akaamrishwa amshike Dimtu sikio, na huku amelishika aseme mbele yangu kwamba ni mwongo, kwamba hakuna mtoto aliyebadilishwa, na kwamba Dimtu ni wa Hawo. Aliyasema yote. Dimtu akamkanyaga mguu, na mimi nikaona kwamba ushahidi umekubaliwa.

Damu ya pili haikunyamaza. Tukapelekwa hata Mombasa, nikaingizwa mpira wenye kamera mpaka tumboni, madaktari wakaona majeraha waliyoyatarajia. Mjomba aliuliza kama kamera imeona kambare, mama akamwambia anyamaze. Yule daktari wa Malindi alitukalisha akasema ni siliaki, ni ngano, na ngano imekwisha kwangu maisha yangu yote. Mama akaanza kulia kwa ajili ya ile mikate yote aliyonipa, na Mama Ruthi akamshika mkono. Baba alikuwa na swali moja tu.

"Na maziwa?"

Daktari akaeleza kwamba maziwa hayakuwa na kosa. Utumbo ulioumizwa na ngano ulishindwa kuyabeba, basi yakasingiziwa. Ukipona, nirudishiwe kidogo kidogo. Baba akaomba arudie. Akarudia. Baba akasimama, akakaa, akasimama tena, akampa daktari mkono kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake chote, "Ngano si ya kwetu. Hata mguu haina." Halafu akatoka nje kwa haraka. Mama alisema amekwenda kuswali, lakini nilimwona kupitia dirisha ameegemea ukuta, amejifunika uso kwa shuka.

Nilipona polepole, kwa wali wa Mama Ruthi, na baba akawa anapeleka kwake maziwa kabla hata ya kupeleka nyumbani. Mvua zikanyesha, Dimtu akazaa. Jioni ya maziwa yake, mama alitoa kibuyu kilichofukizwa upya, na watu wa boma wote wakaja kusimama mlangoni, hata Mjomba Dido akichechemea. Baba akanipa mimi kwanza. Nikanywa. Yalikuwa ya vuguvugu, yana moshi, na nilihisi yanashuka mpaka chini kabisa. Wote walikuwa wanalitazama tumbo langu, na mimi pia nikaliinamia nikalitazama. Tukasubiri. Likatulia. Nilipoinua macho nilimwona Ruthi mbele ya wote, amelamba midomo tayari, na nikampa kibuyu.

Baba hayupo sasa. Mjomba Dido yupo, mzee asiye na meno lakini mdomo ni ule ule, na juzi baada ya kuongea na Ruthi nilimpigia nikamwambia habari.

"Nilisema," akasema. "Nilisema watoto wale walibadilishwa, mkanishikisha sikio la ng'ombe."

Ruthi alikuja Jumamosi. Aliingia amenuna, akakaa, akakitazama kibuyu kilichoning'inia ukutani kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Kilikuwa kimejaa, mama alikuwa amekuja jana yake akakijaza. Nilichemsha strungi, chai isiyo na maziwa, nikamimina vikombe viwili, nikaweka na sahani ya wali wa nazi katikati yetu. Ruthi akachungulia kikombe changu cheusi.

"Wewe si unaruhusiwa?" akauliza.

Nikamwambia haya, tunywe wawili.